Vigae vya Mlangoni kwa Naghenjwa

Asubuhi hii mmoja wenu ameinung'unikia kazi ya kutwanga vigae. Nimemsikia, ingawa alidhani masikio yangu yamezeeka kuliko mikono. Amesema udongo tumeuchimba, tumeuponda, tumeutoa kokoto mpaka macho yameuma, sasa hivi vipande vya vyungu vilivyovunjika vinatafuta nini humo ndani? Sikumjibu kwa sababu nilikuwa nimeinama juu ya kazi, na mtu aliyeinama juu ya kazi hajibu maswali ya wavivu. Sasa vyungu vinakauka kivulini na sote tumekaa bure. Sogeeni. Wewe nawe kaa chini vizuri, habari hii haisikilizwi kwa kuchuchumaa kama mtu anayetaka kukimbia.

Zamani hizo milima hii ya Upare ilikuwa papa hapa, ukungu ulikuwa ukishuka hivi hivi, na wanawake wa ukoo wetu walifinyanga kama mnavyofinyanga ninyi. Lakini walifinyanga kwa udongo mtupu. Waliona fahari kuusafisha mpaka ukawa laini kama siagi, bila chembe ya kitu kigeni. Vyungu vyao vilipendeza sana vikiwa vibichi. Vikiingia motoni, vingi vilipasuka. Mwanamke aliweza kufanya kazi mwezi mzima akaambulia chungu kimoja cha maana, na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona mambo yakiwa vingine.

Watu hao walikuwa na desturi ambayo leo haipo tena. Msiba ukiingia katika nyumba, chungu cha marehemu kilivunjwa siku ile ile ya maziko, na vigae vyake vikawekwa pembeni mwa mlango, ndani, mahali ambapo kila anayeingia atavikuta. Mgeni hakukaribishwa kiti kabla hajaonyeshwa vigae. Mwenye nyumba alisimama juu ya vigae hivyo, akasimulia maisha yake yeye mwenyewe tangu kuzaliwa kwake mpaka siku ya msiba, akamalizia kwa kusema, "Na hapo ndipo kilipovunjika." Mgeni aliitika, "Ni hapo." Basi. Baada ya maneno hayo hapakusemwa kitu kingine juu ya maisha ya mwenye nyumba. Mazungumzo yaligeukia mvua na ndizi.

Maneno ya kisa hicho hayakubadilishwa. Kupunguza neno ilikuwa kumsahau marehemu, na kuongeza neno baada ya msiba ilikuwa kumwibia, maana ni kama kusema kwamba siku ziliendelea bila yeye. Msiwacheke. Walifanya hivyo kwa upendo, na upendo wao ulikuwa wa kweli. Hawakutambua tu kwamba walikuwa wamejijengea ukuta katikati ya maisha yao wenyewe, na kila siku wanakwenda kugonga kichwa pale pale. Ndiyo maana watu wa wakati ule walizeeka mapema. Ungemkuta mwanamume mwenye nguvu, ana mifugo, ana watoto wanaomheshimu, lakini ukimuuliza habari za maisha yake anakufikisha kaburini kwa mkewe na kukuacha hapo.

Katika ukoo huo alikuwapo mwanamke aliyeitwa Naghenjwa. Mumewe alifariki kwa homa wakati mtoto wao wa pili, binti aliyeitwa Nankondo, angali anabebwa mgongoni. Mtoto wa kwanza alikuwa wa kiume, jina lake Kajiru, naye ndiye aliyekuwa akimsaidia mama yake kila kazi. Siku moja, mvua kubwa zikiwa ndio kwanza zimekatika, Naghenjwa alimtuma Kajiru akachimbe udongo kule bondeni. Kijana alichukua kikapu na jembe, akaenda. Alikuwa ameshajaza kikapu chake wakati ukingo wa shimo ulipomporomokea. Majirani walichimba kwa mikono yao wakimwita. Walipomfikia hakuwa anapumua tena.

Basi chungu cha Kajiru kikavunjwa, vigae vikawekwa mlangoni mahali pa vile vya baba yake, maana ni msiba mpya tu ulioruhusiwa kusogeza kisa, na Naghenjwa akawa na kisa cha kusimulia. Alisema alizaliwa wapi, aliolewa na nani, mumewe alikufaje. Kisha akasema, "Nikamtuma mwanangu udongo. Ukingo ukamwangukia. Na hapo ndipo kilipovunjika." Watu wakaitika. Na kila mgeni aliyekuja, awe amekuja kununua mtungi au kuomba moto, alisimuliwa hivyo. Watu walimwita Mama Kajiru hata baada ya Kajiru kuondoka, na yeye hakutaka jina jingine.

Miaka ikaenda. Nankondo alikua katika nyumba hiyo. Alijifunza kuteka maji, kuwasha moto, kupika makande yakaiva vizuri mpaka majirani wakawa wanapitia kwao kwa visingizio. Alikuwa mtoto mwenye adabu na asiye na maneno mengi. Kila mama yake aliposimama mlangoni kusimulia, Nankondo aliacha alilokuwa akifanya, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi jikoni. Wageni walidhani anaomboleza kaka yake. Wakasema ana moyo mzuri binti huyu.

Alipokaribia umri wa kuchumbiwa, Nankondo akaanza kupungua. Kwanza aliacha kuimba akitwanga. Halafu akawa anapika na kupakua, lakini yeye hali. Mwisho akalala chini, uso wake ukielekea ukutani, na hakutaka kugeuka. Mganga wa kwanza alileta mizizi, wa pili akachinja mbuzi, wa tatu alikuwa mtu mwaminifu, akasema hajui. Naghenjwa alikaa kando ya binti yake akimsihi ale. Alikuwa ameshamzika mume, ameshamzika mwana, na sasa alikuwa akimtazama wa mwisho akiyeyuka mbele yake. Na hata siku hizo, mgeni akibisha hodi, aliinuka akaenda mlangoni kusimulia kisa cha vigae.

Habari zikamfikia dada wa marehemu mumewe, jina lake Nakiete, aliyekuwa ameolewa mbali huko tambarare. Nakiete hakuwa mtu wa kubembeleza. Alisikia mtoto wa kaka yake anakufa, akafunga kitenge kiunoni akapanda mlima. Alifika jua likiwa kichwani, amechoka, miguu imevimba, akaingia ndani akitaka kwenda moja kwa moja kwa mgonjwa. Naghenjwa alimzuia mlangoni, kama desturi ilivyotaka, akaanza kusimulia. Majirani waliomsindikiza mgeni walisimama nyuma yake wakisubiri kuitika.

Nakiete alisikiliza yote. Alilia aliposikia habari za kaka yake, akalia tena aliposikia habari za Kajiru. Naghenjwa akamaliza, "Na hapo ndipo kilipovunjika." Majirani wakasema, "Ni hapo." Nakiete hakuitika. Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akamtazama wifi yake, akangoja. Watu wakaanza kutazamana. Ndipo akauliza, "Kisha?"

Neno hilo halikuwahi kuulizwa mbele ya vigae. Mzee mmoja aliyekuwa uani alishika kichwa. Naghenjwa alisema hakuna kisha. Nakiete akasema, "Wifi yangu, kama hakuna kisha, huyu aliyelala pale ukutani ametoka wapi? Na makande ninayoyasikia harufu tangu njiani, ameyapika nani kama si wewe?" Naghenjwa alikasirika sana. Alimwambia kwamba huko tambarare alikoolewa wamemfundisha ufedhuli, na kwamba hatakaa katika nyumba ya Kajiru mtu anayetaka kumzika Kajiru mara ya pili. Nakiete hakubishana. Alitoka nje, akakaa kwenye jiwe la kusagia lililokuwa uani, akasema anapumzisha miguu.

Hapo ndipo Nankondo alipogeuka. Alikuwa hajasema neno siku nyingi, na sauti yake ilitoka kwa shida. Aliuliza, "Mama, mimi niko wapi?"

Naghenjwa alimkimbilia, akamshika mkono. Akamwambia, "Uko hapa, mwanangu. Uko nyumbani."

"Nyumbani najua," Nankondo akasema. "Nakuuliza kwenye maneno yako. Nimeyasikiliza tangu nijue kusikia. Kila mara nangoja labda leo utanitaja, na kila mara unafika pale shimoni unanyamaza. Kuna siku nilidhani labda nami nilikuwa shimoni, ila hakuna aliyeniambia."

Naghenjwa alimtazama binti yake, ile mikono iliyobaki ngozi na mifupa, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akimhesabu mtoto huyu pamoja na vitu vya nyumbani, pamoja na maji na moto, na hakuwahi kumweka katika maisha yake. Uchungu uliompata siku hiyo ulilingana na ule wa kwanza. Wanaosema ulizidi, mimi siwabishii.

Aliinuka, akaenda mlangoni akasimama juu ya vigae. Akaanza upya, kwa maneno yale yale, kwa sababu mdomo wake haukujua njia nyingine. Alifika shimoni. Akakwama. Alijaribu tena, akakwama tena. Nakiete alikuwa amekuja akasimama kizingitini. Naghenjwa alimwambia kwa sauti ya chini, "Wifi, nikiendelea namwacha. Nikisema siku ya pili yake, nimemwacha kule chini peke yake. Na mimi ndiye niliyemtuma."

Nakiete akamjibu, "Ulimtuma akuletee udongo. Uliletwa?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Naghenjwa hivyo. Akasema ndiyo, uliletwa. Wale waliomchimbua Kajiru walikuwa wamekiokota kikapu chake na kukileta, na kikawekwa pale uani. Nakiete akauliza, "Kisha?"

Basi neno likafunguka. Lilitoka polepole, kwa vipande vipande, huku akisimama kupumua. Kisha watu wakajaa, wakalia, wakamzika. Kisha yeye akakataa kula. Wanawake walileta uji, akautema. Walimwambia ajikaze, akawafukuza. Alikuwa ameamua kufa, hakumwambia mtu. Na kabla matanga hayajaanuliwa, mchana mmoja wakiwa wamemwacha apumzike, mtoto mdogo ambaye hata kutembea hajakuwa hodari aliingia akiburuta kata iliyobaki makande baridi. Akakaa mbele yake. Akachota kwa vidole, akamtia mdomoni. Yeye alitaka kutema, lakini mtoto alikuwa akimtazama mdomo, na alihofia atalia. Akameza. Mtoto akachota tena.

"Nilikula kwa mkono wa Nankondo," Naghenjwa akasema. "Nikaishi. Sijapata kumwambia mtu."

Naghenjwa alikwenda jikoni, akapakua makande katika kata, akaja akakaa chini mbele ya binti yake. Hakumsihi. Alichota kwa vidole, akamtilia mdomoni. Nankondo alikaa nayo mdomoni muda mrefu. Halafu akatafuna, akameza, na machozi yakawa yanamshuka tu. Naye mama yake akaendelea kusimulia. Alimwambia habari za siku aliyoota meno ya mbele, na siku alipounguza uji wa kwanza, na jinsi alivyokuwa akilala ameshika kitenge cha mama yake ili asije akaondoka. Walikuwa bado hapo jua lilipopita upande wa pili wa nyumba.

Lakini vigae vilikuwa pale pale mlangoni, na wakuu wa ukoo walikuwa wamesikia. Walikuja kumuuliza Naghenjwa atavifanyaje, maana kisa kimeongezwa na vigae havikubali kisa kilichoongezwa. Kuvitupa asingeweza, ni vya mwanawe. Kuviacha mlangoni asingeweza pia, maana alijua miguu yake itazoea kusimama pale na mdomo wake utarudia njia ya zamani. Alifikiri, akavikusanya katika kikapu, akaviweka juu ya jiwe akaanza kuvitwanga. Alitwanga akilia, mpaka vikawa unga. Unga ule akauchanganya na udongo, akaanza kufinyanga chungu cha kulia chakula cha Nankondo.

Wakuu walikasirika. Walisema udongo uliotiwa uchafu hautahimili moto. Walisema chungu chenyewe kitaamua: kikipasuka, basi marehemu amekataa, na vigae vitarudi mlangoni, na kisa kitarudi kilivyokuwa bila kuongezwa neno. Naghenjwa alijua vyungu. Alijua hata vile vya udongo safi vingi havitoki motoni salama. Lakini alikubali, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Siku ya kuchoma, watu wa ukoo wote walikuja. Kuni zikapangwa, nyasi zikawekwa juu, chungu kikafunikwa katikati pamoja na vyungu vya wanawake wengine. Nankondo alikuwa ameanza kupata nguvu kidogo, akaletwa amejifunika, akakaa karibu na mama yake. Moto ulipokolea, vyungu vikaanza kulia. Mnaijua sauti ile. Kimoja kilipasuka, kikafuata kingine, na kila kilipolia Nankondo alishtuka. Mwisho akamvuta mama yake nguo, akamuuliza, "Kikipasuka, utanitoa kwenye kisa?"

Naghenjwa alitazama moto. Halafu akasema, "Kikipasuka, nitawaambia kimepasuka. Kisha nitawaambia nilikuwa nimekaa na wewe."

Nawaambieni ukweli, wanangu, mimi naona kila kitu kilikwisha pale, kabla hata moto haujazimika. Lakini watu wanataka kujua habari za chungu. Moto ulizimika, majivu yakapoa, wakafukua. Vyungu vya udongo safi vilikuwa vimepasuka zaidi ya nusu. Chungu cha Nankondo kilikuwa kizima. Mkuu wa ukoo alikigeuza, akakipiga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri. Alikigonga tena kwa nguvu kana kwamba anakitafutia sababu. Mwanamke mmoja aliyepoteza vyungu vyake vyote siku hiyo alirudi nyumbani kwake bila kuaga, na kabla ya jioni watu walimsikia naye akitwanga.

Msidhani Naghenjwa aliacha kulia. Alilia mpaka uzeeni, hasa mvua zikikatika. Kajiru hakusahaulika, mbona hata sisi tunamtaja leo. Ila Naghenjwa aliacha kuishi shimoni. Akawa na usingizi, akawa anacheka na wifi yake, na mikono yake ikawa mizuri zaidi kuliko zamani. Nankondo aliolewa, akazaa, akafinyanga, akanenepa kidogo, Mungu ashukuriwe.

Na tangu siku hiyo, katika ukoo wetu hakuna anayefinyanga bila kutia vigae vilivyotwangwa katika udongo mpya. Na hakuna tena vigae mlangoni. Mtu akifiwa, tunamwacha alie, tunamlisha, hatumharakishi. Siku atakayotaka kusimulia maisha yake, tunakaa naye, na akifika pale palipovunjika akanyamaza, hakuna anayesema ni hapo. Tunangoja. Halafu mmoja wetu anauliza taratibu, "Kisha?" Na anayesimulia haruhusiwi kuinuka kabla hajafika kwenye asubuhi ya leo: amekula nini, na nani amempikia. Aliyempikia anatajwa kwa jina, naye akiwa hapo lazima aitike.

Inasemekana Naghenjwa alisimulia hivyo hadi Nankondo alipokuwa bibi mwenye wajukuu. Alianza na kuzaliwa kwake, akapita kwa mumewe, akapita kwa Kajiru bila kuruka hata neno, akasonga mpaka kwenye uji wa asubuhi ile. Kisha akataja aliyeupika. Na Nankondo, hata kama alikuwa ameshika mtoto wa mtu au jungu la moto, alikiweka chini kwanza kile alichoshika, akasimama wima, akaitika, "Nipo."